Kusudi la jeraha hutajwa na aliyejeruhiwa

*Miaka zaidi ya 30 baada ya mauaji ya Rwanda na Burundi, makanisa ya Maziwa Makuu yanaendelea kufundisha kwamba Mungu hutoa jema katika uchungu. Manusura wamelijibu fundisho hilo kwa njia zinazopingana, na majibu yao yote yanastahili kusikilizwa.*

Na Mwandishi Wetu

Choo kilikuwa na upana wa futi 3 na urefu wa futi 4. Waliingia wanawake 6, baadaye wakaongezeka 2, wakaishi humo hadi siku 91 bila kuthubutu kuongea. Kabati la nguo lilisogezwa mlangoni ili waliokuja kupekua wasijue kwamba nyuma yake kuna chumba kingine.

Ilikuwa mwaka 1994, nyumbani kwa mchungaji mmoja wa Kihutu huko Kibuye, magharibi mwa Rwanda. Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo Immaculée Ilibagiza, mwanafunzi wa chuo kikuu, Mtutsi mwenye umri wa miaka 22. Akiwa humo alisikia wauaji wakimtafuta kwa jina.

Mkononi alikuwa na rozari aliyopewa na baba yake. Alisali kutwa kucha. Lakini katika sala ya Baba Yetu, kila alipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, alikwama, akawa anaparuka. Ameeleza kwamba kuyatamka maneno hayo huku moyo wake ukitamani kulipiza kungekuwa kumdanganya Mungu.

Ulipita muda kabla hajaweza kuyasema. Alipotoka mafichoni, wazazi wake na ndugu zake wawili wa kiume walikuwa wameuawa. Baadaye alikwenda gerezani, akasimama mbele ya mtu aliyeongoza mauaji ya familia yake, akamwambia kwamba amemsamehe. Kitabu chake cha mwaka 2006 kimesomwa duniani kote.

Mwaka huohuo wa 2006 kilitoka kitabu kingine, kwa Kifaransa. Mwandishi wake ni Révérien Rurangwa, ambaye mwaka 1994 alikuwa kijana wa miaka 15 huko Mugina. Alishuhudia ndugu 43 wa ukoo wake wakiuawa kwa mapanga. Yeye mwenyewe alikatwa, akapoteza mkono mmoja na jicho moja, akaachwa akidhaniwa amekufa. Aliyewashambulia alikuwa jirani waliyemfahamu.

Kitabu cha Rurangwa hakiishii kwenye msamaha. Aliandika kwamba hawezi kusamehe, na maswali anayomwelekezea Mungu ni mazito.

Hao ni manusura wawili wa maafa yaleyale. Mmoja anasema Mungu alimkuta jehanamu akampa kazi ya kufanya. Mwingine anakataa kulipamba jeraha lake kwa maana yoyote. Swali lililo mbele ya makanisa yetu ni kama yana nafasi kwa wote wawili, au yanamkaribisha wa kwanza tu na kumpa kipaza sauti.

"Kazi ya Mungu haina makosa"

Kwenye misiba yetu, kutoka Kigoma hadi Kisumu, kuna maneno ambayo mfiwa huyasikia kabla hata maiti haijatoka mochwari. Kazi ya Mungu haina makosa. Yote ni mipango ya Mungu. Jikaze, Mungu ana makusudi na wewe.

Wanaosema hivyo wana upendo. Wengi wamesafiri usiku kucha kuja kukaa na mfiwa, wamechanga, wamepika, wameteka maji. Hakuna anayepaswa kuwadharau. Hata hivyo maneno hayo, yakitamkwa mapema, humfunga mdomo mtu ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulia. Mama aliyepoteza mtoto akiambiwa kwamba kuna kusudi, anabaki na njia mbili tu: kukubali, au kuonekana hana imani.

Biblia yenyewe inajua hatari hiyo. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika na kumwona alivyo, walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno. Mpaka hapo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofungua vinywa wakaanza kumpa sababu za mateso yake, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Ayubu, aliyelalamika, akagombana na Mungu na kuilaani siku aliyozaliwa, ndiye anayeambiwa kwamba amenena yaliyo sawa.

Mfano unaopendwa zaidi na wahubiri ni wa Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, akafungwa bila kosa, kisha akawa mtawala Misri. Huhubiriwa kwa haraka mno. Ukiihesabu vizuri miaka katika simulizi za kitabu cha Mwanzo, Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na ndugu zake walimtambua baada ya miaka 7 ya neema na 2 ya njaa. Hiyo ni miaka 22.

Siku ile ya kujitambulisha, kabla ya kusema lolote kuhusu mpango wa Mungu, Yusufu aliwatoa watu wote nje akalia kwa sauti hata Wamisri wakasikia. Ndipo akasema kwamba Mungu alimtuma mbele ili kuokoa uhai. Alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Alipokuwa shimoni na gerezani hakuna aliyemwendea na kumwambia kwamba shimo lina faida.

> Yusufu alilitaja kusudi kwa kinywa chake, baada ya miaka 22 na baada ya kulia kwa sauti.

Ninaamini hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Imani ya Kikristo inadai kitu kikubwa: kwamba Mungu anaweza kuchukua uovu wa wanadamu na kutoa uhai ndani yake, na kwamba Kristo mfufuka alimwonyesha Tomaso mwili wenye alama za misumari. Dai hilo silipingi, ndilo ninaloliishi. Ninachokikataa ni mtu wa pembeni kulibeba na kumtwika aliyejeruhiwa.

Jeraha lililotokea kanisani

Katika ukanda huu dai hilo la kusudi lina uzito wa pekee, kwa sababu kwa wengi jeraha lilitokea ndani ya kuta za kanisa.

Kabla ya 1994, karibu watu 9 kati ya 10 nchini Rwanda walijitambulisha kuwa Wakristo. Mauaji yalipoanza mwezi Aprili, Watutsi walikimbilia makanisani kama walivyofanya katika machafuko ya miaka iliyotangulia, wakitumaini kwamba hakuna atakayemwaga damu mbele ya altare. Nyamata na Ntarama waliuawa kwa maelfu, na leo majengo hayo ni makumbusho ya kitaifa. Kwa takriban siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000 nchi nzima. Serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya milioni 1.

Watumishi wa Mungu wengine walihatarisha maisha yao, kama yule mchungaji wa Kibuye. Wengine walishiriki. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa hapa Arusha, ilimtia hatiani Padri Athanase Seromba kwa sehemu yake katika kubomolewa kwa kanisa la Nyange kwa tingatinga huku ndani mkiwa na Watutsi wapatao 1,500. Rufaa yake iliishia kwenye kifungo cha maisha mwaka 2008. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa Waadventista katika eneo la Kibuye, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2003.

Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa niaba ya waumini walioshiriki mauaji, mwezi Novemba 2016. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake alipokutana na Rais Paul Kagame mjini Vatikani. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20.

Basi mtu aliyeona mama yake akifa mbele ya altare anapoambiwa na mwenye kanzu kwamba uchungu wake una kusudi, anasikia kitu ambacho msemaji hakusudii. Anasikia taasisi ikijisafisha kwa machozi yake. Hilo lazima lisemwe wazi kabla ya kuwasifu waliopona kwa njia ya imani.

Padri aliyelipa ada za shule

Na waliopona wapo. Mmoja wao ni Padri Ubald Rugirangoga. Alizaliwa mwaka 1955 kusini-magharibi mwa Rwanda, baba yake akauawa katika vurugu za miaka ya 1960 yeye akiwa mtoto. Akiwa mseminari alilazimika kukimbilia Burundi. Alipata upadri mwaka 1984, na mwaka 1994 alikuwa paroko wa Nyamasheke. Yeye aliponea chupuchupu. Waumini wake wengi hawakupona, wala mama yake, wala ndugu zake wengine zaidi ya 80.

Baada ya mauaji hayo alibeba hasira na pia hatia ya kuwa hai, jambo ambalo manusura wengi hulijua. Ameeleza kwamba aliposali aliuona msalaba wa Kristo kama msalaba anaotakiwa kuubeba yeye, na kwamba hapo ndipo alipopata amani kwa mara ya kwanza. Baadaye alikutana gerezani na kiongozi wa eneo aliyehusika na kifo cha mama yake. Mtu huyo akamwomba msamaha. Padri Ubald akamsamehe, kisha akachukua jukumu la kuwalipia watoto wa mtu huyo ada za shule.

Jambo hilo la ada linanigusa kuliko ibada zote za uponyaji alizokuja kujulikana kwazo. Kila muhula inabidi zitafutwe upya, na wanaosomeshwa ni watoto wa mtu aliyekufanya yatima mara ya pili.

Katika parokia ya Mushaka alianzisha utaratibu ambao wengine wamejifunza kwake. Waliokiri kuua, wakamaliza kifungo na kurudi vijijini, hawakupewa komunyo moja kwa moja. Walipitia mafundisho ya miezi 6, wakatakiwa kuziendea familia walizozikosea, na kuomba msamaha hadharani mbele ya waumini. Manusura nao walikuwa na mafundisho yao. Kwa maneno mengine, mzigo wa safari uliwekwa kwanza kwenye mabega ya aliyeua.

Padri Ubald alifariki Marekani Januari 2021 kutokana na athari za UVIKO-19.

Wanaosema msamaha umegeuzwa deni

Upande wa pili una hoja, na hoja zake haziondoki kwa kuzifanyia maombi.

Hoja ya kwanza ni ya haki. Mahakama za gacaca, zile za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo, zilifungwa Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi zipatazo milioni 1.9. Wauaji wengi wamerudi nyumbani, wanaishi hatua chache kutoka kwa wajane waliowafanya wajane. Kila Aprili taifa linakumbuka, kila Jumapili kanisa linahubiri upatanisho. Mjane asiyesamehe anajikuta yeye ndiye anayeonekana kikwazo cha amani, wakati hakumwua mtu.

Hoja ya pili ni ya afya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kwamba sonona iliwapata watu 12 kati ya 100 katika jamii kwa jumla, lakini kwa manusura wa mauaji ya kimbari ilifikia 35 kati ya 100. Dalili za kiwewe, zile za kurudiwa na picha za tukio, kukosa usingizi na kushtuka hovyo, zilikutwa kwa manusura takriban 28 kati ya 100. Hiyo ni karibu robo karne baadaye, katika nchi iliyojaa makanisa.

Mtu mwenye hali hiyo akiambiwa aongeze imani, anaongezewa ugonjwa. Nimewasikia waumini wakiulizana kama kumeza dawa za sonona ni kumkosea Mungu, watu haohao ambao hawasiti kumeza dawa za presha. Swali lenyewe linaonyesha ni kiasi gani mimbari zetu hazijafundisha.

Hoja ya tatu ndiyo ya Rurangwa, na naiona kuwa ngumu kuliko zote. Kuna uovu ambao ukiutafutia maana unaupunguza. Aliyeupitia ana haki ya kusema kwamba haukuwa na kusudi lolote, ulikuwa uovu mtupu. Na hapo, wala sisemi hili ili kupatanisha pande kwa nguvu, mapokeo ya Kikristo yana uwezo wa kukubaliana naye. Aliyeuawa Nyamata hakuuawa ili mtu mwingine ajifunze subira. Kitabu cha Maombolezo kinafunga kwa swali bila jibu, na Kanisa limekiacha hivyohivyo ndani ya Biblia kwa karne zote.

> Mjane asiyesamehe anajikuta yeye ndiye anayeonekana kikwazo cha amani, wakati hakumwua mtu.

Karatasi, misumari na moto

Kati ya pande hizo mbili kuna kazi inayofanywa kimyakimya katika kumbi za parokia na mabanda ya makanisa.

Muda mfupi baada ya 1994, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Wales, Rhiannon Lloyd, alianza kuendesha semina kwa viongozi wa makanisa ya Rwanda, Wahutu na Watutsi katika ukumbi mmoja. Washiriki waliandika maumivu yao kwenye karatasi, wakasimuliana, kisha wakazipigilia karatasi hizo misumari kwenye msalaba wa mbao na kuzichoma nje.

Zoezi hilo likaingia katika mwongozo ulioandaliwa na watafsiri wa Biblia na washauri nasaha waliofanya kazi na makanisa ya maeneo ya vita barani Afrika. Ulichapwa mara ya kwanza mwaka 2004 na Paulines Publications Africa mjini Nairobi, na leo unatumika kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, hasa kupitia Vyama vya Biblia.

Kinachonivutia katika mwongozo huo ni mpangilio wa masomo. Mapema kabisa, watu hujifunza kusikiliza. Msikilizaji anapewa maswali matatu ya kumwuliza mwenzake: nini kilitokea, ulijisikiaje, na lipi lilikuwa gumu kuliko yote. Haruhusiwi kutoa ushauri, wala kumrukia kwa mstari wa Biblia.

Kisha huja somo la kuomboleza. Huzuni inachorwa kama safari ya vijiji vitatu: cha kwanza ni cha kukana na hasira, cha pili ni cha kukata tamaa, cha tatu ni cha kuanza upya. Kwenye mchoro huo kuna daraja la uongo linaloruka kutoka kwenye habari ya msiba moja kwa moja hadi kijiji cha tatu. Wanaolijenga daraja hilo, mwongozo unasema, mara nyingi ni Wakristo wanaodhani kulia ni kukosa imani.

Washiriki huandika maombolezo yao wenyewe wakifuata muundo wa Zaburi, ambazo nyingi ni malalamiko ya waziwazi kwa Mungu. Ndipo huja msalaba wa mbao. Somo la kusamehe huja baada ya hayo, na linaeleza bila kificho kwamba kusamehe hakumaanishi kusahau, wala kusema kosa halikuwa kosa, wala kuifuta kesi mahakamani.

Mpangilio huo ndio jibu bora nililoliona kwa hoja za upande wa pili. Hausemi kwamba kila atakayehudhuria atasamehe au atapata kusudi. Unachofanya ni kumrudishia mtu nafasi ya kusema.

Ruyigi, 24 Oktoba 1993

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanalieleza jambo hili kuliko somo lolote.

Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikawaka. Mashariki, katika mji wa Ruyigi, Marguerite Barankitse, anayejulikana kama Maggy, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya askofu. Yeye ni Mtutsi. Aliwaficha humo Wahutu waliokuwa wakikimbia, pamoja na watoto wa pande zote mbili aliokuwa akiwalea.

Tarehe 24 kundi la Watutsi lenye silaha lilivamia. Walimfunga kwenye kiti, wakamvua nguo, wakamlazimisha kuangalia watu 72 wakiuawa, marafiki zake wakiwamo. Walimwacha hai kwa sababu alikuwa wa kabila lao.

Alitumia pesa aliyokuwa nayo kuwanunua watoto kutoka mikononi mwa wauaji, mmoja baada ya mwingine. Waliokoka 25. Amesimulia kwamba aliingia kanisani akamlilia Mungu kwa uchungu akiamini watoto wake wa kulea wamekufa, akasikia sauti ya mmoja wao kutoka walikojificha. Kisha ikabidi awazike wale 72.

Hakuna aliyempa kusudi siku hiyo. Kulikuwa na watoto 25 wenye njaa. Wangelala wapi, wangekula nini, nani angewaosha vidonda? Kazi yake ilianzia hapo, na watoto wakaendelea kuletwa, wa Kihutu na wa Kitutsi, baadaye hata wa Kinyarwanda na wa Kikongo. Kazi hiyo ikaitwa Maison Shalom.

Kwa miaka 20 iliyofuata Ruyigi ikapata kupitia kwake shule, karakana, mikopo midogo kwa wanawake, na hospitali ya Rema iliyofunguliwa mwaka 2008. Ikapata pia jumba la sinema na bwawa la kuogelea. Wafadhili wengine walishangaa bwawa la nini katika mji maskini kama ule. Kwake mtoto aliyeona damu anahitaji mahali pa kucheka kama anavyohitaji uji.

Mwaka 2015 alipinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, akalazimika kuikimbia nchi yake. Maison Shalom ikafungwa nchini Burundi na akaunti zake zikazuiwa. Akiwa anakaribia miaka 60, aliyekuwa amejenga mji alibaki mkimbizi. Mwaka 2016 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Aurora huko Armenia, na nchini Rwanda akaanza tena: kituo mjini Kigali, na kazi miongoni mwa Warundi wenzake katika kambi ya Mahama.

Kinachoonekana katika miaka hiyo yote ni mwanamke anayesali, anayemkasirikia Mungu, anayecheka sana, na anayehesabu magunia ya mchele. Ukimtafutia tarehe ambayo jeraha lake liligeuka kuwa wito, huioni. Kidogokidogo kazi ilikua kandokando ya jeraha, na jeraha likabaki.

Mwili, akili, riziki na sheria

Bukavu, ng'ambo ya mpaka, jambo hili limechukua sura ya hospitali. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 chini ya kanisa lake, CEPAC, baada ya hospitali ya Lemera aliyokuwa akiiongoza kushambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa kuuawa vitandani. Yeye ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na mwanaharakati Nadia Murad wa Iraq.

Wanawake waliobakwa vitani hupokelewa Panzi kwa huduma nne zinazokwenda pamoja: tiba ya mwili, tiba ya akili, msaada wa kujitegemea kiuchumi, na msaada wa kisheria. Imani ipo, nyimbo zipo, ibada zipo. Lakini sala haiwekwi badala ya tiba ya fistula, wala msamaha badala ya kesi dhidi ya mbakaji.

Huo ni ukristo uliokubali kwamba mtu ni mzima: ana mwili, ana kesi, ana watoto wa kulisha. Makanisa yetu mengi yana pesa ya kununua spika mpya. Machache yana namba ya simu ya mnasihi au ya daktari wa akili ya kumpa muumini.

Suala la ushuhuda

Limebaki jambo moja linalotuhusu moja kwa moja, na sitalizungusha. Ni desturi ya kumsimamisha mtu mbele ya kanisa atoe ushuhuda. "Mama, njoo umtukuze Mungu kwa aliyokutendea." Mama anapita mbele, anasimulia ubakaji au kifo cha mumewe, watu wanapiga vigelegele, pengine simu zinarekodi. Ibada ikiisha anarudi nyumbani peke yake na usiku ule halali.

Ushuhuda unaotoka moyoni kwa wakati wake una nguvu, na Ilibagiza ni ushahidi. Ushuhuda unaoitishwa ni jeraha la pili. Viongozi wa ibada wanaweza kuliacha hilo wiki hii bila kusubiri waraka wa askofu.

Haraka ya jambo hili ni ya leo. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Wakongo wamekuwa wakivuka mipaka kwa makundi, na Kigoma tuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ya wakati ule. Kuna watu humo waliozaliwa kambini na sasa wana watoto wao. Wengi ni Wakristo, wanaongea Kiswahili, wanaimba nyimbo tunazoimba.

Katekista au mzee wa kanisa atakayempokea mtu wa namna hiyo anaweza kufundishwa yale maswali matatu kwa siku moja, na kufundishwa dalili za kumpeleka hospitali kwa siku ya pili. Parokia na mitaa mingi huandaa semina za Kwaresima kila mwaka, na mada huwa inatafutwa. Hii inaweza kuwa mada ya Kwaresima ijayo, na daktari wa wilaya akaalikwa kukaa meza moja na mchungaji.